Mashine ya 1958, kibano cha nje, na yale tuliyoyasoma vibaya

Fundi_Kampemba

Jambo yenu, mafundi na wenye karakana.

Wiki iliyopita watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wameniuliza swali lilelile: mashine ya zamani isiyo na kompyuta wala skrini, unajuaje kama inafanya kazi, imesimama au inazunguka bure, bila kuitoboa wala kuikata waya? Jibu fupi linaenea kwenye SMS moja. Jibu kamili limetuchukua miezi saba, na nusura limvunjie heshima mzee aliyenifundisha kazi. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Karakana yetu iko Kampemba. Mashine yetu kuu ni ya kukereza vyuma. Kibati chake kinasema 1958, na chini ya mwaka kuna jina la muuzaji pamoja na neno Élisabethville, maana mji wetu ulikuja kuitwa Lubumbashi 1966. Kuna pia mashine ya kutoboa na kompresa ya hewa ya pistoni. Hakuna hata moja yenye tundu la kuchomeka kompyuta, lakini zote ziko imara. Kitanda cha ile ya kukereza bado kimenyooka, sina sababu ya kuiuza ili ninunue kitu chenye skrini.

Kilichonisukuma ni kompresa. Msimu wa mvua uliopita tuliiacha kwenye otomatiki usiku, fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu zinazoilisha mota) ikapotea, mota ikajaribu kuwaka kwa fezi mbili. Mlinzi alisikia mngurumo lakini hakuna aliyewahi kumwambia mngurumo ule una maana gani. Asubuhi tulipokewa na harufu ya vanishi iliyoungua. Tulikaa siku tisa bila hewa, na kazi ya watu ikilala chini.

Sasa kibano. Mota inapokula umeme, waya wake unazungukwa na sumaku inayobadilika kufuata umeme wenyewe, hertzi 50. Kibano ni transfoma ndogo iliyopasuliwa katikati kama kibanio cha nguo: unakifungua, unaufunika waya, unakifunga. Waya haukatwi wala hauvuliwi ganda. Tulinunua kibano cha SCT-013 cha ampea 100, yenye mizunguko 2,000 ndani, kwa hiyo ampea 100 za mota zinatoa miliampea 50 upande wa pili. Unazipitisha kwenye rezista ziwe volti, na volti zinasomwa na ESP32, kompyuta ndogo ya kwenye kibodi yenye Wi-Fi.

Kwa wanaotaka hesabu: ESP32 inasoma kati ya 0 na 3.3 V, na wimbi letu linashuka chini ya sifuri. Kwa hiyo tunalinyanyua likae katikati, 1.65 V, kwa rezista mbili za kilo-omu 10 na kapasita ya mikrofaradi 10. Kilele cha ampea 100 ni 141. Gawanya kwa 2,000, unapata miliampea 70.7. Gawanya 1.65 V kwa hizo, unapata omu 23. Sisi tuliweka 22. Ningeanza leo ningechukua kibano cha ampea 30, ambacho rezista iko ndani tayari na kinatoa 1 V, kwa sababu mota yetu ya kilowati 5.5 haifiki ampea 12 na kile cha 100 kinaipimia kwa kona tu ya uwezo wake.

Funika waya MMOJA. Siku ya kwanza nilikibana juu ya kebo nzima, nikapata sifuri mchana kutwa. Fezi tatu ndani ya kibano kimoja zinafutana.

Na hapa naomba msomeshe vijana wenu. Tunasema hatuiingilii mashine, wengine wakadhani hakuna hatari. Ili uufikie waya mmoja lazima ufungue kabati, na ndani ya kabati kuna 380 V. Zima swichi kuu, piga kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako. Jaribu mita yako mahali unapojua pana umeme, pima pale unapotaka kushika, kisha rudi pale pa kwanza uhakikishe mita haikufa njiani. Kibano cha kutoa miliampea kisibane waya wenye umeme kabla rezista yake haijaunganishwa, maana kikikosa njia ya kupitisha umeme wake kinapandisha volti.

Basi. Hiyo ndiyo kazi ya mikono, ni ya siku moja. Kazi yenyewe ilianza baadaye.

Kibano kinatoa namba, wala hakijui namba hiyo ni nini. Anayejua ni mzee anayeiendesha mashine hii kuanzia mimi nikiwa shule ya msingi. Nilimwomba: Baba, fanya kazi kama kawaida, ila ukibadili jambo lolote niambie. Nikakaa pembeni na daftari. "Inazunguka bure." Ampea 4.8. "Inakula milimita mbili." 9.6. "Inakula, ila kisu kimechoka." 10.4, na hapo mimi sikuona tofauti yoyote kwa macho. Kila baada ya muda anachukua bisibisi ndefu yenye mpini wa mbao, anaweka ncha kwenye nyumba ya beringi ya mota, mpini anaugandamiza kwenye mfupa nyuma ya sikio, anafumba macho. Tulifanya hivyo asubuhi mbili. Nikachora mstari: chini ya ampea 1 imezimwa, kati ya 1 na 5.5 inazunguka bure, juu ya 5.5 iko kazini.

Mstari ule ulikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu. Patroni, bosi wetu, alipopata jedwali la wiki ya kwanza aliona Jumanne mashine "imezunguka bure" kwa muda wa saa mbili na dakika arobaini. Alimwita mzee mbele ya watu. Mzee hakupandisha sauti. Alisema Jumanne alikuwa analainisha shafti ya pampu, pasi za mwisho, sehemu mbili za kumi za milimita kila pasi. Akaenda kuileta ile shafti, akaiweka mezani. Ilikuwa inang'aa kama kioo. Kile kiboksi changu kilikuwa kimeiita kazi bora ya wiki nzima kuwa ni uvivu.

Sababu ni hii, na kila anayetaka kupima mota aishike: mota ya kawaida inayozunguka bila mzigo bado inavuta umeme mwingi wa kujenga sumaku yake, robo hadi nusu ya ampea zilizoandikwa kwenye kibati. Ukiipa mzigo mdogo, ampea hazipandi sana. Kinachobadilika ni pembe kati ya volti na ampea. Kwetu, bure ni 4.8 A na kulainisha ni 5.0 A, tofauti ya kutupa. Tulipoongeza kipimo cha volti na kuhesabu wati za kweli, bure ikawa kama wati 790 na kulainisha kama wati 1,300. Hapo mstari unachoreka hata kwa mkono unaotetemeka.

Kwa volti tunatumia transfoma ndogo ya kuchomeka ukutani, ya 220 V kwenda 9 V isiyonyooshwa, halafu rezista za kuigawanya. Muhimu: soketi iwe kwenye fezi ileile iliyobanwa. Ukichanganya, pembe yako inakosea kwa nyuzi 120 na wati zote ni uongo.

Patroni alimwomba mzee radhi, mbele ya walewale. Na tumekubaliana kwamba jedwali halipandi ofisini kabla anayeendesha mashine hajalisoma.

---

MamaKinu_Katuba

Aksanti baba fundi. Mimi sina karakana, nina mashine ya kusaga, mota ya kilowati 15, mkanda, nyundo. Watu wanasaga mahindi yao ya bukari (ugali), wanalipa kwa ndoo. Nikienda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, kufuata mahindi nakaa siku mbili, nikirudi kijana ananiambia umeme haukuwepo. Labda ni kweli, labda si kweli, na sitaki kumdhania mtoto wa watu vibaya. Hicho kibano kitaniambia? Na vumbi la unga halitakiharibu?

---

Fundi_Kampemba

Mama, kitakuambia, ila uongeze kitu kimoja. Umeme ukikatika, kiboksi kisicho na betri nacho kinalala, na kikiamka hakiwezi kutofautisha "kijana alizima" na "mtaa mzima ulikuwa gizani". Kiwekee betri, halafu kisome pia kama chaja yake ina umeme. Chaja ina umeme na mota sifuri: mashine imezimwa. Chaja haina: ni delestaji, umeme umekatwa mtaani. Kijana wako akiwa mkweli hicho kiboksi kitakuwa shahidi wake wa kwanza.

Weka na saa ndogo, DS3231, yenye kibetri chake cha sarafu. Bila hiyo, kila umeme unapokatika na intaneti haipo, kiboksi kinaanza kuhesabu upya na rekodi zako zinavurugika. Saa hiyo inapotoka sana haifiki hata dakika mbili kwa mwaka.

Vumbi: usiweke kitu chochote kwenye chumba cha kusagia. Vumbi la unga likijaa hewani likapata cheche linalipuka, hilo si suala la kiboksi kuharibika tena, ni suala la watu. Kibano kikae kwenye kabati la umeme, na kama kabati lenyewe liko ndani ya chumba cha unga, anza kwa kulihamisha.

Faida nyingine: mkanda ukikatika, mota inaendelea kuzunguka na mtu aliye mbali anadhani kazi inaenda. Kwenye wati utaona inashuka ghafla hadi ya bure na kukaa hapo. Ila usikitumie kuhesabu ndoo. Mahindi mabichi na makavu hayali nguvu sawa.

---

Msuka_Mota

Yaya, uzi mzuri. Nasuka mota hapa komini ya Kenya, Lubumbashi, karibu na soko, na niongeze kutoka mezani kwangu.

Mota iliyokufa kwa fezi kupotea inasema yenyewe ukiifungua. Kama koili zimeunganishwa nyota, utakuta makundi ya fezi mbili yamekuwa meusi na la tatu linang'aa kama jipya. Kama ni pembetatu, linaungua kundi la fezi moja na mawili yanapona. Iliyokufa kwa mzigo mkubwa inakuwa nyeusi pande zote. Watu wanakuja wakinilaumu kwamba waya wangu ulikuwa mbaya, nawaonyesha koili, wananyamaza.

Kwa hiyo kibano kimoja hakitoshi kwa mota ya fezi tatu. Weka vitatu. Ukibana fezi moja tu, na ikapotea fezi nyingine, utaona ampea zimepanda na kudhani mashine inafanya kazi sana, kumbe inakufa. Mota iliyobeba mzigo ikipoteza fezi, zile mbili zilizobaki zinapanda kama mara 1.7.

La pili, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nimeona: kiboksi cha kutazama SI kinga. SMS itafika, wewe uko kanisani, simu iko kimya, mota imeungua. Weka relei ya joto, inayokata umeme mota ikizidiwa, iliyorekebishwa kwa ampea za kibati, na relei ya kuchunga fezi ikate kontakta (swichi ya sumaku inayowasha mota) yenyewe papo hapo. Relei hiyo haigharimu kama kusuka mota. Kiboksi kije juu yake, si badala yake.

---

Fundi_Kampemba

Ni kweli tupu. Tulipoisuka upya mota ya kompresa tuliweka relei ya fezi siku ileile, na imeshakata mara mbili tangu hapo. Ningepaswa kuianza nayo habari yangu.

---

Ziwa_Kivu

Nasoma kutoka Bukavu, mwaka wa mwisho wa elektroniki. Nimejaribu kwenye pampu ya maji ya mtaani kwetu. Bila Wi-Fi namba zinatulia, nikiwasha Wi-Fi zinagoma kabisa. Na SIM800L, kibodi chenye laini ya simu, inajizima kila ikijaribu kutuma SMS. Nimebadilisha mbili, tatizo ni lile lile.

---

Fundi_Kampemba

Mdogo wangu, yote mawili yana dawa. ESP32 ina makundi mawili ya miguu ya kusomea volti. Kundi la pili, ADC2, halisomeki Wi-Fi ikiwa imewaka. Hamia ADC1, mguu wa 32 hadi 39. Na usisome mara moja tu: kusanya mizunguko 10 mizima ya umeme, yaani milisekunde 200, ndipo uhesabu.

SIM800L huenda haina kosa. Inapotuma inavuta hadi ampea 2 kwa kishindo, na inataka kati ya 3.4 na 4.4 V. Chaja ya simu na waya mwembamba haviwezi. Ilishe kutoka kwenye betri ya lithiamu moja kwa moja, waya mfupi, na kapasita kubwa karibu na miguu yake.

---

Opereta_Zamani

Nimefanya kazi ya mashine tangu ujana wangu, nimestaafu. Nimesoma habari ya huyo mzee na shafti yake na nimeisoma mara mbili.

Nawauliza nyinyi vijana: mashine "inapozunguka bure", anayeiendesha anafanya nini? Anapima kwa maikromita. Anasoma mchoro. Ananoa kisu. Anangoja kreni. Anasafisha chipu ili zisiingie kwenye skrubu ya kuongozea. Namba yenu inaonyesha mota, haionyeshi mtu. Sina ugomvi na kibano, ingekuwepo enzi zetu ningeiomba mimi mwenyewe. Ila andikeni kwenye hilo jedwali kwa herufi kubwa kwamba ni hali ya MASHINE.

---

Fundi_Kampemba

Shikamoo mzee. Nimeandika. Na safu ya "inazunguka bure" tumeigawa: karibu na mashine kuna vitufe vinne, anayeendesha anabonyeza kupima, kunoa, kungoja chuma, kungoja umeme utulie. Alichokiomba kwanza ni "kungoja chuma", na ndani ya wiki tatu ndicho kilichojaza jedwali. Ilikuwa shida ya stoo. Sasa chuma kinakatwa jioni ya jana yake.

Nisisahau kompresa, maana ndiyo iliyolipa gharama zote. Kwenye rekodi tuliona saa ya chakula, watu wote wako nje na hakuna anayetumia hewa, kompresa inawaka kila baada ya dakika 11. Pistoni ya aina hii inawaka tu mgandamizo ukishuka, kwa hiyo hewa ilikuwa inakwenda mahali. Jumamosi tulichukua maji ya sabuni na brashi, tukapaka kila kiungo cha bomba kuanzia kwenye tangi. Povu lilichemka sehemu tatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa nyuma ya benchi, kiungo ambacho hakuna aliyekitazama kwa miaka. Kelele za mchana zilikuwa zinaifunika. Tulipobadilisha, saa ya chakula inawaka mara moja tu, na siku nyingine haiwaki kabisa.

---

Msuka_Mota

Hiyo ni mota iliyoongezewa umri. Kuwaka mara kwa mara ndiko kunakoichosha, kila kuanza inavuta mara sita au saba ya ampea zake. Na mitetemo? Umejaribu?

---

Fundi_Kampemba

Tumejaribu, na nilisubiri yakamilike ndipo niandike.

Tuligandisha ADXL345, kihisi kidogo cha mitetemo, kwa sumaku kwenye nyumba ya beringi ya mbele ya mota, mahali palepale mzee anapoweka bisibisi yake. Rangi tuliikwangua kwanza, sumaku ishike chuma kwa chuma. Tunahesabu kasi ya mtetemo kwa milimita kwa sekunde na kulinganisha na ISO 10816, kiwango cha kimataifa cha mitetemo ya mashine (sasa kimerithiwa na ISO 20816), ambacho kwa mota ndogo, hadi kilowati 15, kiliweka mipaka 0.71, 1.8 na 4.5. Chini ya 0.71 ni kama mpya. Juu ya 1.8 si ya kuachwa hivyo kwa muda mrefu, na juu ya 4.5 ni kuzima.

Mwezi mmoja mzima tulikaa kwenye 1.1. Siku moja mzee alifumbua macho, akaniambia, "Beringi hii inaanza kulalamika." Namba ilikuwa 1.1. Nilimwandika kwenye daftari, tarehe na maneno yake, kwa kuwa tayari nilikuwa nimeshakosea mara moja. Baada ya wiki tatu namba ikaanza kupanda: 1.3, 1.5, 1.9.

Nimefikiri kwa nini alinitangulia. Kipimo cha kasi kinabeba zaidi mtetemo wa mzunguko wenyewe, kwetu karibu mara 24 kwa sekunde, na beringi inayoanza kuharibika inapiga kelele nyembamba za juu, ambazo kwenye hesabu ile zinazama. Bisibisi inazipeleka kwenye mfupa wa sikio zikiwa nzima. Sasa tunasoma pia mchapuko wa masafa ya juu, na mzee ndiye aliyesema tuanzie wapi, kwa kupiga mluzi sauti anayoisikia huku mimi nikiitafuta kwenye simu.

Tuliifungua Jumamosi. Beringi ya 6308. Kwenye pete ya nje kulikuwa na kovu dogo kama ukucha wa mtoto. Mzee aliishika pete ile, akaipitisha kidole gumba, akanipa na mimi niipitishe. Ipo kwenye dirisha la karakana, juu ya daftari.

Beringi mpya ilifungwa jioni ileile. Namba ya asubuhi hii ni 0.9.